Rangi za maji na fuwele kwa mwandishi wa fantasia: mnazitumiaje hasa?

KalamuYaUsiku

Habari za humu, wakuu. Swali hili ni kwa wanaoandika fantasia na pia wanashika brashi, au wanaozijua fuwele vizuri.

Riwaya ninayoandika inatokea katika mji uliochongwa ndani ya mlima wa fuwele. Shida ni kwamba fuwele zenyewe hazina kazi zaidi ya kung'aa. Sura ya kwanza zinang'aa, ya tano zinameremeta, ya tisa zinametameta. Uchawi unaotoka ndani yake nao unaweza kila kitu, kwa hiyo hakuna mhusika anayehangaika kweli. Ushauri ninaokutana nao ni "chora kwanza" au "shika jiwe upate msukumo", basi, hatua hazielezwi.

Naomba kujua mambo matatu. Zoezi gani la rangi linazaa mawazo ya mandhari na si mchoro tu wa kutundika? Fuwele zipi zinafaa kutazamwa kwa karibu, na je, inawezekana kukuza moja nyumbani? Na unatokaje kwenye mchoro au jiwe hadi kwenye aya iliyoandikwa? Vifaa nilivyonavyo ni rangi za maji za vidonge 12, brashi mbili na karatasi ya kawaida ya kuchorea.

---

ChumviNaWino

Mkuu, badilisha karatasi kwanza. Karatasi ya kawaida hujikunja na kuyanywa maji yote kabla hujafanya lolote. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ikate vipande vya A6, kisha bandika kingo zote nne kwenye ubao kwa utepe wa karatasi. Udogo wa kipande ni wa makusudi. Ukiwa na karatasi kubwa utaanza kutafuta picha nzuri, na hapa kazi ni kutafuta mahali pa kuandika habari zake.

Zoezi la chumvi linaenda hivi. Lowesha kipande chote kwa maji safi. Weka rangi mbili nzito, moja ikikaribia weusi, uziache zikutane zenyewe bila kuzichanganya kwa brashi. Sasa inamisha kichwa uitazame karatasi kwa ubavu. Mwanzoni maji yanasimama juu na kung'aa. Baada ya dakika chache mng'ao unaanza kufifia, ingawa karatasi bado ni mbichi. Hapo ndipo pa kunyunyiza chumvi ya mawe, punje 15 hadi 20 tu kwa A6. Kila punje inanyonya maji ya jirani, rangi inasogea nayo, na panabaki alama nyepesi yenye miiba.

Ukiwahi, punje zinayeyuka na kuacha ukungu usio na umbo. Ukichelewa, zinanata juu na chini yake hakuna kitu. Ukimwaga nyingi, alama zinaungana na kuwa uji. Usikaushe kwa mashine ya nywele, kwa sababu upepo unasukuma punje na kuvuruga miiba. Ikikauka kabisa, pangusa chumvi kwa kitambaa kikavu.

Kwa mji wako ningeongeza zoezi la plastiki. Paka rangi nyingi yenye maji mengi, tandaza juu yake plastiki laini ya kufunikia vyakula, uikunjekunje kwa vidole huku ikiwa imegusa karatasi. Usiiondoe hadi asubuhi. Ukiibandua mapema kingo zote zinalegea. Ikikauka ikiwa palepale, mikunjo inaacha mistari mikali na pembe zinazofanana sana na nyuso za fuwele, pamoja na nyufa, korongo na ngazi ambazo hukuzipanga.

Hilo la "hukuzipanga" ndilo lenye faida. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame kuta zenye madoa, kwa kuwa humo wataona milima, mito na mapigano. Victor Hugo, aliyekuwa mwandishi wa riwaya, aliacha maelfu ya michoro ya wino, na mara nyingi alianza na doa kisha akalifuata lilikotaka kwenda. Mwaka 1925 mchoraji Max Ernst alianza kusugua penseli juu ya karatasi iliyolazwa kwenye mbao za sakafu, akatoa humo misitu na wanyama. Wote waliacha bahati itoe umbo, akili ikaja baadaye kulitafsiri.

Kuhusu kutoka kwenye karatasi hadi kwenye aya: geuza kipande pande zote nne na chagua upande ambao huoni uso wa mtu. Macho ya binadamu hukimbilia nyuso, na ukimfuata huyo wa kwanza utapata "roho ya mlima inayotazama", kitu ambacho kila mtu angekiandika. Zungushia maumbo matano kwa penseli. Kwa kila umbo andika nomino moja na kitenzi kimoja, bila kivumishi chochote: *daraja, linavuja, ghala, linapumua*. Kisha jibu kwa sentensi kamili: nani hutengeneza kitu hiki kikiharibika, na analipwa nini? Swali la fundi linazaa mji haraka kuliko swali la mfalme. Nalisema kwa uzito kabisa, kwa sababu fantasia nyingi zina viti vya enzi vingi na hazina mafundi bomba.

---

JiweLaNdani

Nijibu la fuwele. Acha kwanza habari ya kuzishika ili zikupe nguvu. Kuna tabia za kweli ambazo ni za ajabu kuliko hizo, na uzuri wake ni kwamba zina mipaka. Uchawi wako unakosa mipaka, basi uazime kwenye madini.

Tatu zinatosha kuanzia: kwatzi, kalsiti na floriti. Ziweke pamoja na tochi ndogo, lenzi ya kukuza mara 10 na msumari wa chuma.

Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs (1 hadi 10, kinachoonyesha jiwe lipi linakwaruza lipi), kwa hiyo inakwaruza kioo. Hata hivyo ni kitu kinachovunjika kwa pigo, na haina njia maalumu ya kupasuka. Inavunjika kwa mikunjo ya mviringo kama ya gamba la kombe. Ndiyo maana panga la kwatzi lingekata mara moja kisha likatoa vipande usoni mwa mwenyewe. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa. Kukataa kuvunjika ni jambo jingine, na waandishi wengi wanayachanganya haya mawili. Halafu ukiibana kwatzi inatoa umeme: ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha hilo mwaka 1880. Ipe umeme, nayo inatetema. Katika saa za mkononi inatetema mara 32,768 kwa sekunde. Sasa fikiria mlima mzima unaobanwa na uzito wake mwenyewe.

Jambo jingine la kwatzi: kaa kwenye giza kamili dakika kumi macho yazoee, kisha sugua kwa nguvu vipande viwili vya kwatzi nyeupe. Utaona mwanga hafifu ndani ya jiwe. Vaa miwani ya kinga, maana vinaruka vipande. Mwanga huo hauwaki wenyewe. Unalipiwa kwa msuguano, na mawe yanalika kidogo kila mara. Tayari una taa yenye gharama.

Kalsiti ni laini, ugumu wa 3, msumari unaikwaruza. Ukiipiga inapasuka katika pande tatu zilezile siku zote, na kila kipande kinabaki na umbo la mchemraba ulioinama. Kipande angavu ukikiweka juu ya nukta ya wino unaona nukta mbili. Mwanasayansi Rasmus Bartholin alilieleza hilo mwaka 1669. Zungusha jiwe taratibu: nukta moja inatulia, ya pili inaizunguka. Kwa kila sentimita 1 ya unene zinaachana kwa takriban milimita 1, kwa hiyo kipande chembamba hakitakuonyesha kitu; tafuta chenye sentimita 2 kwenda juu. Ukikiweka juu ya skrini ya LCD yenye maandishi na kukizungusha, picha moja inafifia hadi kupotea, na ukiongeza nyuzi 90 inarudi huku ya pili ikipotea, kwa sababu mwanga wa skrini hiyo unatetema katika mwelekeo mmoja tu. Mpiga ramli anayeona majaliwa mawili, moja lililotulia na jingine linalolizunguka, na ambaye akigeuka robo mduara lile moja linatoweka: sheria hiyo huhitaji kuibuni, ipo mezani.

Floriti ina ugumu wa 4, mara nyingi inakua kwa umbo la mchemraba, lakini ikipasuliwa vizuri inatoa umbo la nyuso nane. Umbo la nje ni moja na la ndani ni jingine. Hii naiachia wahusika wako.

Sasa yanayoharibika. Amethisto, yaani kwatzi ya zambarau, ikiachwa juani miezi na miaka inafifia, na ikipashwa moto wa mamia ya nyuzi zambarau inageuka manjano au rangi ya chungwa. Piriti (madini ya chuma na salfa) kwenye unyevu huoza na kutoa asidi inayokula hata boksi lake. Azuriti ya bluu hugeuka taratibu kuwa malakiti ya kijani. Fuwele za piriti huweza kubadilika zote kuwa madini ya kutu huku umbo la mchemraba likibaki lilelile, yaani kitu kimeondoka na sura yake imebaki. Ukitafuta laana ya kuandikia, ni hiyo.

Tahadhari: usiloweke mawe kwenye maji ya kunywa. Malakiti ina shaba, galena ina risasi, sinabari ina zebaki. Usiyasage wala kuyakata bila maji na barakoa ya vumbi.

Za kukuza, anza na shabu. Pasha moto mililita 100 za maji, yeyusha gramu 20 za shabu, chuja kwa kitambaa kizito, funika kwa karatasi na uache ipoe yenyewe. Kesho yake chini kutakuwa na punje. Chagua moja angavu yenye nyuso kamili, ifunge kwa uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, uitundike katikati ya maji mapya yaliyoshiba shabu na yaliyokwisha kupoa. Kwa wiki chache inajenga nyuso nane. Chumvi ya mezani haikui kwa kupoza, kwa sababu maji ya mililita 100 yanayeyusha gramu 36 hivi yakiwa ya kawaida na 39 tu yakichemka. Hiyo inataka maji yapungue hewani polepole. Mrututu una bluu nzuri sana lakini ni sumu, usiguse bila glavu wala usitumie vyombo vya jikoni.

---

MchoraRamani

Nakubaliana na walionitangulia ila kwa jambo moja. Madoa ya chumvi yanafaa kabla hujajua mji wako. Wewe tayari unao mji na sura tisa. Shida yako ni mwanga, na mwanga unajifunza kwa kuchora kitu kimoja kilichopo mbele yako, kwa rangi moja, bila bahati yoyote.

Chukua kipande cha kwatzi au hata kile cha shabu. Zima taa za chumba, weka taa moja upande wa kushoto juu. Tumia kahawia iliyokolea au bluu nzito pekee, na viwango vitatu tu: karatasi tupu, wastani, giza. Chora kingo kwa penseli, kisha jaza kila uso kwa kiwango kimoja. Usilainishe mpaka kati ya uso na uso. Fuwele inasomeka kuwa fuwele kwa sababu ya mpaka mkali kati ya nyuso. Ukiulainisha unapata jiwe la mtoni. Subiri uso mmoja ukauke kabla ya kupaka jirani yake, la sivyo rangi itavuka. Karatasi tupu iache mahali pamoja au pawili, kando kabisa ya giza kuu. Ukiitawanya kila mahali mng'ao unakufa, na huo ndio ugonjwa wa aya zako zenye "kumeremeta" kila mstari.

Utagundua kitu ambacho wengi huandika kinyume. Katika jiwe angavu, upande unaoelekea taa una nukta kali ya mwanga lakini mwili wake huonekana mzito. Mwanga ulioingia unatokea upande wa pili, chini, na kumwaga rangi mezani ndani ya kivuli chenyewe. Linganisha:

*Nguzo za fuwele zilimeremeta kwa mwanga wa ajabu.*

*Taa ilikuwa nyuma ya bega lake la kushoto. Nguzo iliipokea kwenye ukingo mmoja wa juu, ikawa nyeusi katikati, kisha ikaumwaga mwanga chini upande wa kulia, rangi ya asali, juu ya viatu vya mlinzi.*

La pili halina neno la kusifu. Lina chanzo, mwelekeo, mahali mwanga ulipopotea na kitu ulichokiangukia. Hayo manne yatafute katika kila aya ya mwanga, na kama moja halipo, rudi kwenye jiwe ulitazame.

Kwa matukio ya usiku kuna jambo ambalo mwanasayansi Jan Purkyně alilieleza karne ya 19: mwanga ukipungua, wekundu unazama gizani kabla ya bluu. Joho jekundu linakuwa jeusi wakati la bluu bado linaonekana hafifu. Katika mji wa ndani ya mlima hilo linaamua rangi za sare, bendera na alama za njia. Jeshi lenye akili halivai nyekundu kwenye mahandaki isipokuwa likitaka kutoonekana.

Juu ya mandhari yenyewe, soma habari za pango la Naica huko Meksiko. Wachimba madini walilifikia mwaka 2000 baada ya maji kupampwa nje, wakakuta fuwele za jasi zenye urefu unaofikia mita 11 hivi. Joto humo lilikuwa karibu nyuzi 58 na unyevu ulikaribia ukomo wa hewa, kiasi kwamba mtu asiye na vazi maalumu aliweza kukaa dakika chache tu. Fuwele zilikua kwa sababu joto la maji halikubadilika kwa muda mrefu mno, na maji yalipoondolewa zikaacha kukua. Kwa hiyo mji wako una uamuzi mgumu uliojengeka ndani yake: wakikausha mlima wapate pa kuishi, wanausimamisha usikue. Jasi yenyewe ina ugumu wa 2, kucha inaikwaruza. Kila mtembea kwa miguu anaacha alama.

---

KalamuYaUsiku

Asanteni sana, wakuu. Hili la kukausha mlima limenifungulia sura nzima. Mawili yamebaki. Shabu yangu ya kwanza imetoka na ukungu ndani, na uzi umeota punje ndogo ndogo hadi juu. Na nikishakuwa na sheria kumi za kweli kutoka kwenye madini, nazitumia zote?

---

JiweLaNdani

Ukungu unatokana na kupoa haraka: fuwele inajenga kwa pupa na kufungia vijitone vya maji ndani. Funga chombo kwa taulo nene, kiweke mbali na dirisha na jiko. Punje kwenye uzi zina sababu mbili, uzi wenye nyuzinyuzi na vumbi ndani ya maji. Tumia nailoni laini, chuja tena, na ukate uzi uliobaki chini ya fundo. Kama punje ya mbegu ilipungua siku ya kwanza, maji yalikuwa hayajashiba. Yaache na shabu kidogo chini usiku mzima, kisha mimina yale ya juu tu. Ukiitoa ikiwa imekamilika, ikaushe kwa karatasi na upake vanishi angavu, kwani kwenye hewa kavu inapoteza maji yake na nyuso zinapauka.

Usiitupe ile yenye ukungu. Itazame kwa lenzi, tochi ikitokea ubavuni. Tabaka za ukungu zinaonyesha wapi ilikua haraka na wapi ilitulia. Kwenye kwatzi jambo la aina hiyo hutokea pia, unaona umbo dogo la zamani ndani ya kubwa, vumbi la madini mengine likiwa limetua juu ya nyuso kabla haijaendelea kukua. Mwanahistoria wa mji wako anaweza kusoma nguzo bila maandishi.

---

ChumviNaWino

Kuhusu sheria kumi: mbili tu ndizo zibebe kisa, moja inayotoa nguvu na moja inayoiharibu, na ni vizuri zitoke kwenye jiwe lilelile ili zisiweze kutenganishwa. Kwatzi inatoa mwanga ikisuguliwa, na kwatzi inalika ikisuguliwa. Nyingine zote zifanye kazi ndogo: rangi ya sare, mlio wa ngazi, sababu ya mtoto kukatazwa kugusa ukuta.

Ili ujue ipi inabeba, chukua kadi ya A6 kwa kila sheria. Upande mmoja paka zoezi la plastiki, na wakati rangi inakauka andika kwenye kadi nyingine, dakika 20 bila kusimama, tukio ambamo mtu asiye na cheo anadhurika na sheria hiyo akiwa kazini. Usiandike maelezo ya sheria, andika mkono uliokatika, deni, au zamu iliyoongezwa. Sheria isiyoweza kumdhuru mfagiaji au mbeba maji iweke pembeni. Zitakazobaki zipange ukutani pamoja na michoro yake kwa mpangilio wa sura, uone ni wapi sheria moja inatoweka kwa sura nne mfululizo. Hapo ama irudishe kwa tukio dogo, ama uifute hadi sura ya mwanzo kabisa ilipotajwa, na uanze na zile sentensi zenye neno "kumeremeta".